Sauti Zako Nilizomnyima Mama

Bukavu, Jumapili

Yaya Gracien, kaka yangu,

Pokea salamu zangu kutoka kando ya kitanda cha mama hospitalini. Maman Bijou na watoto hawajambo? Mpunga wa huko kwenu Luberizi umeshavunwa? Naandika kwa sababu kwenye simu ningekata kabla ya kumaliza. Barua ataileta dereva wa basi la huko kwenu.

Hadi juzi mama alikuwa bado vile ulivyomwacha miezi kadhaa iliyopita, baada ya pikipiki kumgonga pale Cimpunda. Macho yalifunguka asubuhi, yakajifumba jioni, lakini hayakumwona mtu. Mimi ndiye garde-malade wake: namwogesha, namgeuza, namlisha kwa mpira wa puani. Wanaopita wananisifu, na sifa hizo nimezizoea kupita kiasi.

Tangu mwanzo daktari alinieleza kwamba wagonjwa wa namna hii hawafanani. Ubongo uliogongwa una matumaini zaidi kuliko uliokosa hewa, na kijana kuliko mzee. Lakini anayenyooshwa viungo na kusemeshwa na watu wake mapema hupata nafasi zaidi. Ndiyo maana nilikuomba utume sauti yako, nawe ukatuma kila wiki. Ulipouliza, nilijibu kwamba mama amesikia ila yuko kimya.

Nilidanganya, yaya. Sauti hizo nilizisikiliza peke yangu kwenye veranda, kisha nikafunga simu. Ulikuwa ukiingia nyumbani, mama anacheka kabla hujaketi. Mimi ninayemwosha nilitaka neno lake la kwanza liwe langu. Naona haya kuliandika.

Jana maman Carine, anayemnyoosha viungo, alisema miguu inakakamaa. Nikaogopa. Nikaweka simu sikioni mwa mama. Ilikuwa sauti yako ukimtania kama zamani alipokuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni Kadutu: «Maman, hii sambaza iko ya jana?»

Macho yakaigeukia simu. Midomo ikahangaika, halafu akasema, «Ya leo.»

Maman Carine alilia kwa furaha. Mimi nililia kwa jambo lingine.

Daktari anasema ni mwanzo tu, hajui mama atafika wapi, na miezi ya kwanza ndiyo iliyokuwa na nguvu. Wanasema kawia ufike, lakini sijui kama ubongo unaijua methali hiyo. Daktari hajui ni nani aliyempotezea mama miezi hiyo.

Njoo, yaya. Utanigombeza baadaye, anza kwa kumsemesha mama. Tangu jana anaiangalia simu, haniangalii mimi.

Wasalimie wote wa nyumbani, na mtuombee.

Mdogo wako,
Marcelline