Jina Nililoliandika Msalabani

Nakuru, Jumatano, 14 Septemba 1955

Kumbe hakuitwa Soldbuch! Miaka yote hii.

Leo baada ya kushusha viazi vya Molo, nilimpelekea yule Sista Mjerumani wa misheni kile kitabu nilichokitoa mfukoni mwa maiti kule Libya, wakati wa vita. Nilitaka anisomee askari yule alikuwa nani.

"Jina ni Soldbuch," nikamwambia. "Liko hapo juu, herufi kubwa. Ndilo nililoandika msalabani."

Sista akanitazama kwa huruma. "Bwana Ouma, hilo ni jina la kitabu. Kitabu cha mshahara. Yeye aliitwa Ernst."

Turnboi wangu wa lori, Wekesa, tuliyechimba naye kaburi lile, alicheka mpaka akashika ukuta. "Bosi, kumbe tulizika kitabu!"

Ningemzaba kofi, lakini Sista alikuwa ameshafungua ukurasa wenye anwani ya mama. Huenda yu hai, akasema, na bado anamtafuta mwanawe. Atamwandikia. Akanionyesha nambari ya askari. "Wanaotafuta makaburi ya vita humtambua askari kwa hii. Je, uliiandika msalabani?"

Sikuiandika. Mimi, mtu wa hesabu, ninayekumbuka nambari ya kila lori nililowahi kuendesha!

Wekesa akaacha kucheka.

Jeshini wazungu waliniita kwa nambari tu, kama gunia. Ndiyo maana siku ile nilisema huyu hapana, huyu tumzike kwa jina, kama mtu.

Nambari ingemfikisha kwa mamake.