Maji Yaliyopungua Kwenye Chungu cha Baba Mkwe

Mpendwa mkwe wangu, Mama Atupele,

Ugonile, mwanangu. Hali yako? Na Atupele, yale mafua yameisha? Mama yako na wote hapo Ikombe hawajambo? Sisi huku Bujonde tupo kwa neema ya Bwana, ila nyumba imepwaya. Simu zangu hupokei, nami sikulaumu. Bahasha sikuifunga, na ni makusudi. Nilikusema mbele ya watu, kwa hiyo hata jirani akitaka kusoma, asome.

Nakumbuka ulivyoshuka mtumbwini pale Matema umekipakata kile chungu kama mtoto, zawadi ya mama yako kwa baba mkwe wako. Ulikigonga kwa kidole, kikalia kama kengele. Ukaniambia, "Sikia mama, hakina ufa." Nikakiweka pembeni mwa chumba chetu, juu ya mchanga, na wewe hukukanyaga tena upande ule. Mila yetu uliishika: mkwe hakutani na baba mkwe, wala hagusi chombo anachonywea. Ukisikia kikohozi chake tu, umeshapotelea kwenye migomba. Nilikuwa najisifia kwa watu kwamba nimepata mkwe.

Halafu likaja lile joto la kabla ya mvua, na maji yakaanza kupungua. Najaza jioni, asubuhi hayapo pale nilipoyaacha. Mimi unanijua, jambo likiniingia moyoni halitoki. Nikachonga kijiti, nikakitia alama kwa kisu. Kila asubuhi nikikitumbukiza, vidole viwili vimekwenda. Mzee alikunywa kikombe kimoja tu kabla ya kulala, nacho nilishakitoa kwenye hesabu. Nani mwingine yumo ndani? Nikaanza kukutazama midomo. Ukicheka na mumeo Ambokile jikoni, najua mnanicheka mimi. Ukinyamaza, nasema dhamiri inakusuta.

Jumamosi ile walipokuja kina mama wa maombi, ndipo nikakuuliza mbele yao kwa nini unakunywa kwenye chungu cha baba mkwe wako. Ulipiga magoti.

"Mama, hakuna anayeyanywa. Chungu kinatoka jasho."

"Jasho?" nikasema. "Chungu nacho kina makwapa?"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Wewe hukucheka. Kesho yake ukambeba Atupele mgongoni, ukaenda kwenu.

Nikajua sasa maji yatatulia. Hayakutulia. Nikamshuku mzee, nikamshuku jirani, nikafunga mlango na kukaa na ufunguo kwenye pindo la kanga. Vidole viwili vilevile! Nikawaza uchawi. Nikashinda njaa siku nzima nikimwomba Mungu anionyeshe mwizi.

Mwisho nikachukua jagi la lita moja. Majagi sita nikamimina chunguni, sita kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, vikalala chumba kimoja. Mzee nikamnyima hata kile kikombe chake. Asubuhi ndoo ikatoa sita, maji vuguvugu. Chungu kikatoa matano na nusu, baridi kama ya mtoni. Nikapapasa ubavu wake wa nje, unyevu. Mchanga chini, unyevu.

Mwanangu, shule niliishia la saba, lakini tuliimba sana: yabisi, kimiminika, gesi. Mvuke niliujua wa sufuria inayochemka tu. Sikujua kwamba maji hupenya udongo polepole, yakawa mvuke pasipo moto, yakaondoka bila kuaga, na kule kuondoka ndiko kunakopoza yaliyobaki. Wewe ulijua, binti wa wafinyanzi. Ulinieleza kwa maneno matatu, nikayafanyia mzaha.

Mzee alinikuta nimekaa sakafuni na jagi langu. "Haya, mwizi umempata?"

"Nimempata," nikasema. "Ni joto."

"Basi nalo lipeleke mbele ya kina mama wa maombi, kama ulivyompeleka mwenzio." Wala hakuwa anatania.

Jumamosi iliyopita nikasimama, nikawaeleza yote, na kijiti changu mkononi. Nikawaambia nilikusingizia. Mmoja akanong'ona nikamsikia: "Huyu anamtaka mjukuu tu." Nilikasirika, mama, nusura nimjibu. Kisha nikaona kwamba na wewe utawaza hivyohivyo. Waza. Atupele namtamani, hilo siwezi kulificha, lakini kosa nililokufanyia lingekuwa kosa hata kama usingekuwa na mtoto.

Na ugonjwa wangu haujapona. Jana Ambokile aliniaga anakwenda shambani, nikamkagua viatu kama ni vya shamba au vya safari. Nadhani anapanga kuja kwako, na hataniambia. Akija, mpokee. Mkiamua kukaa hukohuko, sitawafuata kuwauliza.

Sikuombi urudi kwa barua moja. Ninaloomba ni unijibu upesi, hata mstari mmoja, kwa mkono wako mwenyewe, ili nisije nikaanza kumshuku mwenye mtumbwi kwamba hakukufikishia.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Bwana akutunze.

Mama mkwe wako,
Mama Ambokile