Chumba Karibu na Gati la Jinja

Jumatano, 3 Oktoba 1984
Sare mbili za shule zimekwisha, bado vifungo. Cherehani namwachia jirani. Mbale kimya, maduka yamefungwa kabla ya alasiri. Juzi kulikuwa na panda gari mtaa wa pili. Askari walizingira nyumba, wakapakia wanaume kwenye lori. Hajarudi hata mmoja.

Meli ya Mwanza inaondoka Jinja Jumamosi asubuhi. Mume wangu Idrisa yuko huko mwaka wa tano sasa. Alikuwa dereva tu katika jeshi la serikali iliyopinduliwa, lakini hapa utamweleza nani? Mimi na mama yake tunamfuata. Mama hajui Kigisu wala Kisoga. Anajua Kiswahili, na siku hizi ukikisema vizuri mno watu wanajiuliza mwanao alikuwa askari wa nani.

Alhamisi, 4 Oktoba
Nimefunga mizigo. Mama alitaka kubeba kinu. Nimekataa. Kanuna mpaka Isha.

Ijumaa, 5 Oktoba, mchana
Tumefika Jinja. Kwenye kizuizi cha Bugembe tuliteremshwa wote. Nilikuwa nimemwonya Mama asitoe neno. Askari akamwuliza anakwenda wapi. Mama kimya. Akauliza tena, kwa ukali. Abiria mmoja, mwalimu kutoka Busiu, jina lake Mugoya, akasogea.

"Afande, huyu shangazi yangu. Hasikii."

Askari akamtazama, akatuachia. Hatukuwahi kumwona Mugoya kabla ya leo. Naye anapanda meli ileile, anakwenda kumwona dada yake. Alitubebea kapu mpaka mjini, kisha akaenda kutafuta pa kulala. Nasi tukatafuta.

Nyumba za wageni za mjini hatuziwezi. Ya kwanza bei ya kufuru. Ya pili imejaa. Ya tatu mwenyewe alisikia Mama akipiga chafya na kusema Alhamdulillahi, akakumbuka ghafla kwamba hana nafasi. Mwishowe tumepata chumba kwa Mama Nangobi, mwendo mfupi kutoka gatini. Bei nusu ya zile nyingine. Nilifurahi mno, sikuuliza kwa nini.

Ijumaa, alasiri
Nyuma ya mlango kuna jozi tatu za viatu vya kiume. Vimepigwa rangi vizuri. Nilimwuliza Mama Nangobi ni vya nani. Akasema wenyewe hawakurudi kuvichukua. Kisha akaniuliza mume wangu yuko wapi na anafanya kazi gani. Aliuliza mara mbili.

Baadaye nikachungulia dirishani. Amesimama langoni na askari, wanacheka. Akanyoosha kidole. Dirisha letu.

Nimefunga kapu. Tunatoka.

Ijumaa, kabla ya magharibi
Tuko kwa Mama Atieno, Mkenya wa Kisumu anayekaanga samaki karibu na reli. Alitusikia tukinong'ona, akatujibu kwa Kiswahili bila woga, akatupa jiko lake tulale. Hataki hata senti.

Niandike na hili. Tulipokuwa tunatoka kwa Mama Nangobi, tulikutana na Mugoya mlangoni. Alikuwa amezunguka mji mzima, amechoka. Akauliza kama kuna chumba. Mama Nangobi alikuwa amesimama pale pale, ananitazama.

Nikasema, "Chukua chetu, mwalimu. Sisi tumepata ndugu."

Akanishukuru. Akamuaga Mama kwa heshima, kwa mikono miwili. Mama alinifinya mkono, nikajifanya sikuelewa.

Bado kuna mwanga. Naweza kurudi nikamwite. Ni dakika kumi tu. Lakini yule askari je? Na Mama nimwache na nani?

Sijaenda.

Jumamosi, 6 Oktoba
Gatini tangu alfajiri. Watu wanapanda na magunia na kuku. Nimetazama kila uso. Mugoya hayupo.

Mama Atieno alikuja kutuaga na samaki waliofungwa kwenye gazeti. Nilimwuliza. Akasema lori lilisimama kwa Mama Nangobi alfajiri, wanaume wote waliolala mle wamechukuliwa. Akadhani nitafurahi kwamba tulitoka. Akasema Mungu ametuokoa.

Meli imeng'oa nanga. Mama amehamia benchi jingine.

Jumatano, 10 Oktoba
Mwanza. Idrisa amenenepa, amepata mvi. Alilia alipomwona mama yake. Nyumba ina vyumba viwili na bomba uani. Kila mtu hapa anasema Kiswahili kwa sauti, sokoni, barabarani, na hakuna anayegeuka. Mimi bado nanong'ona.

Nimeiandikia shule ya Busiu. Nimesema mwalimu wao alionekana Jinja mara ya mwisho tarehe tano. Sikusema zaidi.

Jumatano, 5 Desemba
Barua imefika. Si ya mwalimu mkuu, ni ya mke wa Mugoya. Mwandiko mzuri, mistari iliyonyooka. Hajarudi. Amekwenda kambi mbili za jeshi, wamemfukuza. Ananiomba jambo moja: nyumba aliyolala ni ipi, ili aende kuuliza pale.

Idrisa anasema nisijibu. Mama amesema nijibu.

Nimeandika mchana kutwa. Nyumba iko wapi, mwenyewe nani, na kwamba asiende peke yake. Bugembe nimeiandika yote. Kisha nikaandika nani alimpa mumewe chumba kile, na kwamba nilijua. Nimetia jina langu kamili.

Posta hufungwa saa kumi. Nimewahi.