Peugeot ya Shemeji Imeshuka

Manibe, Arua
Jumamosi asubuhi

Dada yangu Ayikoru,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Ludara mko salama? Mtoto ananyonya vizuri? Mimi ni mzima, ila mafua ya vumbi la gereji hayaniachi.

Juzi ulinipigia simu ukafoka mpaka nikakosa pa kuingiza neno. Leo naandika, maana barua huwezi kuikatiza. Ulisema mumeo Ondoga amerukwa na akili, anashusha Peugeot 504 ya marehemu baba yake kama vijana wa mjini, na huko kwenu njia ni mashimo matupu. Ukalia kwamba mama naye amekutupa, hajaja hata kumwona mjukuu.

Gari nimeishusha kweli. Mafundi wenzangu walinicheka sana, wakasema ile ilinyanyuliwa ibebe tumbaku, sasa itabeba nini? Wakanishauri nichome springi kwa moto, kazi iishe upesi. Nikakataa. Springi ikichomwa inalegea, halafu ikivunjika njiani mtanilaani mimi. Nilizitoa, nikazikata kwa grenda kidogo kidogo, nikirudisha na kujaribu. Ondoga alishinda pale akiuliza kama imetosha. Alinichosha, jamani!

Sasa dada, kaa chini. Mama alianguka wakati wa mvua, akaumia nyonga. Bodaboda hawezi kupanda, na mguu hauinuki kuingia garini. Alitukataza kukwambia kwa sababu ulikuwa karibu kujifungua. Nilitaka kumbeba nimpakie, akanigombeza: abebwe mbele ya mkwe wake, aibu hiyo aipeleke wapi? Na Ondoga, unajua mila yetu, hata mkono hawezi kumpa mama mkwe. Ndipo Ondoga mwenyewe akasema, kama gari iko juu, basi ishuke. Tukapima kiti anachokalia mama jikoni, tukashusha mpaka cha gari kikalingana nacho.

Asubuhi hii amekaa mwenyewe, kisha akaingiza miguu mmoja mmoja. Nimelia, dada, usimwambie mtu. Yuko kiti cha nyuma, na Ondoga amegeuza kioo cha ndani kitazame juu, asije akamwona mkwe.

Wanakuja polepole kwa sababu ya mashimo, ndiyo maana nimempa Alionzi wa bodaboda barua hii atangulie. Usihangaike kupika wala kufagia. Simama kando ya njia na mtoto, mama ampakate kabla hajashuka.

Nisalimie wote hapo kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Acidri