Ambulensi Haisimami Kosele

Migori, 9 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Hujambo, na magoti hayajambo? Mimi ni mzima, nimechoka tu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, halafu mwanangu Adhi huinyakua na kuikata. Barua hii nampa Ahmednur, yule mwenye duka hapo Kosele, amekuja kuchukua mzigo.

Jumanne nilipita hapo nyumbani. Tulikuwa tunamkimbiza mama mjamzito Kisumu, Yassir akiwa kwenye usukani, mimi nyuma nimeshika chupa ya dripu. Nikachungulia dirishani, nikakuona karibu na kinu cha kusagia, umembeba mtoto wangu mgongoni. Alikuwa anapunga mkono. Kufumba na kufumbua nikawa naona ng'ombe wa watu.

Wakati wa kurudi gari lilikuwa tupu, lakini kuna kifaa ndani yake kinachoionyesha ofisi kila mahali tulipo. Ukisimama na huna mgonjwa wala hutii mafuta, utaulizwa. Msimamizi wetu husema kampuni ilipewa kandarasi ya kubeba wagonjwa, si ya kutembelea mama zetu. Yassir alipunguza mwendo tu, basi.

Niambie ukweli. Adhi anajua kwamba yule ni mimi?

Binti yako,
Roselyn


Kosele, 21 Februari 2024

Roselyn mwanangu,

Salamu zako zimefika. Sisi hatujambo. Magoti hunisumbua asubuhi, yakishapata jua yanatii. Msalimie Yassir, mwambie huko kupunguza mwendo nilikuona na nashukuru.

Unauliza kama anajua. Anajua kupita kiasi! Anawaambia watoto wa jirani kwamba mama yake ndiye lile gari linalolia. Juzi gari la zimamoto lilipita kwenda Oyugis, akalipungia mpaka likapotea, kisha akaniuliza mbona leo mama ni mwekundu.

Siku nyingine akataka kujua kwa nini husimami. Nilikuwa naosha dagaa wa omena, nikamjibu haraka haraka kwamba gari hilo husimama kwa wagonjwa tu. Kumbe nimejiponza. Tangu hapo anaugua kila jioni: leo tumbo, kesho goti, keshokutwa nywele ndizo zinazouma. Alikwenda mwenyewe dukani kumwomba Ahmednur aipigie ambulensi simu. Waliokuwepo walicheka sana. Mimi bibi yake sikucheka, kwa sababu aliporudi alinionyesha alipoumwa na mbu, akasema, "Dani, hata hii si ugonjwa?"

Ana miaka minne tu. Njoo nyumbani, mwanangu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mama yako,
Bhoke


Migori, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Natumaini mvua imeanza huko na nyote mko salama. Niliposoma ile ya nywele nilicheka, kisha nikajifungia bafuni nikalia.

Siwezi kuja sasa. Wenzetu wawili waliacha kazi, na siku yangu ya kupumzika imekuwa ya kusubiri simu. Haturuhusiwi kutoka mjini. Kandarasi ya kampuni inaisha Juni, na hapo ndipo nitajua kama watakaokuja watatuchukua. Nivumilieni hadi Juni.

Jana nilikwenda sokoni kumnunulia viatu. Muuzaji, Sumeya, akaniuliza saizi. Mama, nikaondoka mikono mitupu. Mguu wa mtoto wangu siujui! Mpime kwa uzi, unitumie kwa mkono wa Ahmednur.

Ninawakosa sana. Hata harufu ya jikoni mwako naikosa.

Binti yako,
Roselyn


Kosele, 17 Aprili 2024

Roselyn mwanangu,

Sijui kama nikusalimu au nikupe pole. Sikutegemea kwamba juzi mngesimama hapa, na ofisi inawaona.

Uliporuka kutoka kwenye gari na viatu mkononi, furaha ilinipanda hata nikasahau magoti. Lakini mtoto aliona mambo mengine. Aliona ambulensi imeingia kwetu, imesimama, na watu wenye jaketi za kung'aa wanakuja moja kwa moja kwangu. Ndiyo maana alinikamata kiuno na kupiga yale mayowe: "Dani si mgonjwa! Msimchukue Dani!" Ulimwita jina lake kwa upole, na kila uliposogea alizidi kunikaba.

Nilikuambia umchukue hivyo hivyo, atanyamaza. Ukakataa. Ukaviweka viatu juu ya kigoda, Yassir akawasha gari, hukunywa hata maji.

Usimkasirikie. Ni mimi niliyemfundisha. Viatu vimemtosha sawasawa, lakini kila saa ananishika paji la uso kuona kama nina homa.

Mama yako,
Bhoke


Migori, 28 Mei 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kukaa kimya. Tulipewa barua za onyo, mimi na Yassir. Yeye aliwaambia kwamba alisimamisha gari kwa hiari yake, mimi sikuhusika. Mungu ambariki, ingawa hawakumwamini.

Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba kazi yangu ni kutuliza watu. Mtu aliyevunjika mfupa nikimshika mkono ananyamaza. Wangu mwenyewe ananiogopa. Nilimchukia kidogo siku ile, Mama, kisha nikakuonea wivu wewe. Nakuambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Kampuni mpya imeshafika. Wanataka tutie saini ya miaka miwili kabla Juni haijaisha. Watatupa vyumba karibu na kituo, na ng'ambo ya barabara kuna chekechea. Shamima, mke wa Yassir, anasema nikiwa kazini Adhi anaweza kukaa na watoto wake. Lakini nitamtoaje kwako? Tangu Baba afariki huna mwingine humo ndani. Kwa hiyo sijasaini. Wiki hii nimekaribia kuacha kazi nirudi Kosele tuuze omena sote.

Sikuombi kitu. Nimekueleza tu.

Binti yako,
Roselyn


Kosele, 19 Juni 2024

Roselyn mwanangu,

Mimi mzima, mtoto mzima, mahindi yanatoa maua. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ile, na sikulipenda.

Tia saini.

Nilipoolewa hapa kutoka Kegonga sikujua neno la Kijaluo, na nililia karibu mwaka mzima. Leo anayecheka matamshi yangu ni mjukuu wangu mwenyewe. Mtu humzoea anayeamka naye. Adhi alinikamata kiuno kwa kuwa mimi ndiye ninayemfunga vifungo kila asubuhi. Akikaa kwako miezi michache, atakukamata wewe, na siku hiyo akiniona mimi huenda akajificha nyuma ya rinda lako. Naliogopa jambo hilo, mwanangu, usiku na mchana naliogopa, na ndilo ninalolitaka.

Jumamosi namleta. Utupokee steji ya matatu, na tafadhali usije na ile sare. Akikukwepa usimvute. Muulize habari za mbuzi, atakuja mwenyewe na hatanyamaza tena. Omena hali vichwa. Humwogopa punda, hata wa mbali. Hulala ameshika sikio la mtu, na siku za kwanza atalitafuta langu. Mpe lako.

Nitalala kwako usiku mmoja. Usinibembeleze nilale wa pili, kwa sababu sitaondoka, au nitaondoka naye. Asubuhi nitatoka kabla hajaamka. Ukisikia mlango, wewe kaa hapo hapo ulipo, usimwondolee sikio.

Na barua hii usiijibu. Ukinijibu kwa upole wako ule, nitavunja safari.

Mama yako,
Bhoke