Vidole vya Shangazi Vimerudi Kazini

Nyumbani, chumba cha juu,
Jumapili, alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zetu, zikufikie zikiwa bado na joto. U hali gani? Kile kifua kimepona? Unakula, au bado unajidanganya kwa chai? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imekatika sasa hivi, dirisha liko wazi, na pazia linapanda na kushuka kama mtu anayepumua usingizini. Nimeona nikuandikie kabla utulivu huu haujaondoka.

Habari kubwa ni ya shangazi yetu. Macho yake yamefifia mpaka sasa anaona mwanga na vivuli tu, na daktari amesema hayatarudi. Hakulia. Ila tangu siku hiyo alianza kunyamaza. Ukipiga simu anakujibu "nipo" na "asante", kisha ananirudishia. Najua uliumia. Si wewe, mdogo wangu. Hakuwahi kuwa mtu wa maneno ya mdomoni. Maneno yake yalikuwa vidoleni, miaka yote ile ya kupiga chapa mahakamani huku akitulea.

Siku moja nilimkuta amesinzia mezani. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya kitambaa cha meza, vyepesi, kimoja kimoja, na kidole gumba kikigonga kila baada ya kitambo, kama anayeacha nafasi kati ya maneno. Nilisimama mlangoni nikitazama mpaka nikahisi naota mimi. Alikuwa anaandika, Chiriku. Sijui nini.

Nikaishusha kibodi yake ya zamani kutoka juu ya kabati, ile nzito kama tofali, aliyopewa alipostaafu kwa sababu pale ofisini hakuna aliyeitaka. Plagi yake ni ya duara, matundu ya kompyuta yangu ni bapa. Nikanunua adapta dukani, nikachomeka. Kimya. Hata taa moja haikuwaka.

Basi nikaipeleka kwa fundi redio wa mtaa wa nyuma, yule tuliyezoea kumwita Miwani. Aliipokea kwa mikono miwili, kama amepewa mtoto mchanga.

"Adapta hii imebadili umbo la plagi tu, dada," akaniambia. "Kibodi yako inasema lugha ya zamani, na kompyuta haielewi hata salamu yake. Hapa kati anatakiwa mkalimani."

Mkalimani mwenyewe ni kibao chembamba chenye chipu, kinaingia ndani ya kiberiti. Miwani akalehemu nyaya, moshi ukampanda usoni, akachomeka. Herufi zikaanza kutokea kwenye kioo cha kompyuta yake! Zote isipokuwa a.

"Kiswahili bila a?" akacheka. "Si tutabaki bubu?" Akaking'oa kitufe, akafukuza vumbi kwa brashi, akakirudisha. A ikaja.

Shangazi aliposikia nimeileta, alikunja uso. "Ya nini tena, mwanangu? Sitaona ninachoandika."

"Kwani zamani ulikuwa unaangalia?"

Mikono yake ikapanda taratibu kutoka mapajani, vidole vya shahada vikapapasa vikapata vile vinundu vidogo vya kuongozea vidole kwenye F na J, vikatulia hapo. Nikaona mabega yake yakishuka. Kisha akaanza.

Laiti ungesikia mlio ule! Kama mvua ya kwanza juu ya bati, matone mawili matatu, halafu yote kwa pamoja. Nilijilaza kwenye zulia, chumba kikaelea, nikawa sijui niko umri gani. Aliandika mpaka jua likahama sakafuni. Nilipomsomea, kumbe aliandika juu ya mto aliokuwa akiuvuka akiwa msichana, viatu mkononi, maji yakimfika magotini. Sikujua kama aliwahi kuwa na mto.

Sasa kila alasiri nyumba inanguruma, na mume wangu anasema amepata usingizi mtamu kuliko wa dawa. Yeye anakusalimu sana, na mapacha wanakusalimu, na fundi cherehani wa chini anauliza kama lile koti bado linakutosha. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe watu wema huko uliko.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna mtu amesimama nyuma yangu anataka kiti.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa upendo usiopungua.

Chiriku wangu, ni shangazi. Nimemtoa dada yako chumbani. Kwenye simu sauti yangu hutetemeka, nami sipendi uisikie hivyo. Hapa haitetemeki. Siyaoni maneno haya lakini najua kila moja liko wapi. Niandikie kwa urefu, dada yako atanisomea, nami nitakujibu mwenyewe. Anza na chumba chako. Kitanda kiko upande gani? Dirisha linatazama nini? Nieleze polepole, nitakiona.