Sahani ya Kidoti

Jumatano, baada ya isha

Leo tena nimemkuta mama mkwe amewamwagia paka vichwa vya vibua kwenye sinia moja, Kidoti wangu na paka wa jirani, wote vichwa chini. Na daktari wa mifugo alituambia sote wawili: Kidoti ana virusi vya leukemia. Binadamu havimpati, lakini paka wenzake huambukizwa kwa mate. Ale peke yake.

"Mama, hawa wazima watakufa."

"Mwanangu, mgonjwa hatengwi. Utamvunja moyo."

Nikamnyanyua Kidoti. Amebaki mifupa. Sijui kama Ramadhani itamkuta.

Mgonjwa hatengwi! Mimi nilipougua kifua kikuu, hata baada ya hospitali kusema siambukizi tena, mama huyuhuyu alinipakulia kwenye sahani ya bati. Nikala jikoni peke yangu, nikiwasikia wenzangu sebuleni wamelizunguka sinia, wanacheka. Mume wangu naye akicheka.

Sahani ile sikuitupa. Ndiyo niliyompa Kidoti, na ndiyo ambayo leo mama ameona haya kumlishia paka.